Nyumba ya kupanga kule Drenthe, na garanti ya hapa kwetu

Maneno haya yalisemwa na ndugu mumoja wa shirika mu mukutano mukubwa wa wanachama, Lubumbashi. Tumeyaandika vile aliyasema, tumeacha tu mahali watu walimukatiza kwa kucheka.



Komite iliniomba niseme juu ya nyumba. Si nyumba ya kujenga, ile kila mutu iko nayo mu kichwa hata kama hana tofali moja. Nyumba ya kupanga. Mimi, bibi yangu na watoto watatu tulipanga nyumba miaka saba mu kijiji kimoja cha Uholanzi, toka 2017 mpaka 2024. Tangu turudi, watu wananiulizaka maulizo mbili: kule mulikuwa munalipa ngapi, na juu ya nini mukaiacha. Nitajibu zote mbili. Lakini kuko ulizo la tatu lenye hakuna mutu ameniuliza, na njo lenye limenileta mbele yenu: namna gani mutu mwenye hana kitu, hajui luga, hana ndugu, alilala miaka saba mu nyumba ya wengine bila kuogopa mulango ukipigwa? Juu hapa Lubumbashi nina kazi, nina luga, nina ukoo muzima, na kila mwisho wa mwezi mulango ukipigwa ninaruka.

Nianze na mahali. Mutu akisikia Uholanzi anawaza Amsterdam ao Rotterdam. Siye tulitumwa Drenthe, jimbo la kaskazini-mashariki, karibu na mupaka wa Ujerumani. Ni inchi ya muchanga, pori na mashamba. Kuko mawe makubwa yenye watu wa zamani walipanga juu ya makaburi yao, miaka zaidi ya 5000 imepita. Makaburi ya namna ile yenye yangali yanasimama mu Uholanzi nzima ni 54, na 52 iko Drenthe. Kijiji chetu kilikuwa na watu kama mia sita, kanisa moja, shule moja, na uwanja wa majani katikati wenye miti mikubwa. Pembeni, viazi mpaka macho inachoka, lakini viazi vya kupeleka ku fabrike kutolewa wanga. Na mahindi, mahindi mingi sana, ya ngombe. Bibi yangu alipoomba mukulima mumoja amuuzie mahindi ya kuchoma, yule mutu alimuangalia kwa huruma, akawaza tuna njaa.

Hatukuchagua kijiji kile. Ukipata kibali cha mukimbizi, unatoka mu kambi kwenda ku komine yenye umepangiwa. Kila miezi sita serikali ya kule inaambia kila komine itapatia nyumba watu ngapi, kufuata wingi wa wakaaji wake. Komine ndogo ya mashamba inapata watu wachache, lakini inapata. Unapewa nyumba moja. Ukiikataa bila sababu ya nguvu, kambi haikulishi tena. Wenzetu walililia Rotterdam, juu kule kuko maduka yenye kuuza sombe na makanisa yenye kuimba Lingala. Siye tuliweka vitu mu masanduku, tukapanda basi.

Mwenye nyumba hakuwa mutu. Lilikuwa shirika la nyumba, na hapa ninaomba musikilize muzuri, juu kitu kama hiki hapa kwetu hatuna. Mashirika haya si serikali, na si wachuuzi. Yanajenga nyumba na kuzipangisha kwa watu wenye mapato madogo, na falanga zenye zinabaki zinarudi ku kutengeneza nyumba zingine. Sheria yenye iliyapatia nguvu ni ya 1901. Leo yana zaidi ya nyumba milioni 2 mu inchi yenye watu kama milioni 18. Kwa hiyo muvuvi, mwalimu mwenye kazi ya nusu, mama mujane na mukimbizi wanaweza kuwa na mwenye nyumba mumoja, na nyumba za sura moja.

Siku ya funguo, binti wa shirika alitupitisha chumba kwa chumba na karatasi mukononi. Ukuta huu una kitobo, anaandika. Dirisha hili halifunge muzuri, anaandika. Kisha anasoma saa ya maji, saa ya umeme na saa ya gazi, anapiga picha, tunatia sahihi yeye na mimi. Saa nzima kwa nyumba ya vyumba vitatu vya kulala! Nilimuambia bibi yangu, hawa wanatupimia nyumba kama maiti. Bibi akajibu, nyamaza, wacha aandike vyote.

Na nyumba ilikuwa tupu. Si tupu ya hapa, yenye unakuta sima chini na ampule juu. Kule mupangaji mwenye anatoka anabandua hata kitambaa cha chini, anatosha rido, anabeba taa. Tulikuta saruji mbichi na nyaya zenye zinaning'inia. Komine ilitupatia falanga za kuanza, vitanda, meza, friji, lakini kwa mukopo. Tuliulipa kidogo kidogo kila mwezi, miaka tatu. Wageni wetu wenye munasaidia shirika wananielewa: falanga za kuanza njo zenye zinaisha mbele ya zote.

Sasa ulizo la kwanza. Tulianza na euro 548 kwa mwezi. Serikali ilikuwa inaturudishia karibu 280, musaada wa nyumba wenye wanaita huurtoeslag, na siye tunaongeza yenye inabaki. Kila tarehe 1 ya mwezi wa saba bei inapanda kidogo, kwa barua, na sheria inasema isipite wapi. Mu 2022 tulikuwa tumefika 601. Kisha mu 2023 ikakuja barua ingine. Niliisoma mara tatu, nikaipeleka kwa mutu mwingine aisome, juu ilisema nyumba inashuka. Sheria mupya ilikuwa imesema watu wenye mapato ya chini kabisa mu nyumba za mashirika, bei yao irudishwe mpaka euro 575 na senti 3. Siye hatukuwa tumelalamika, hatukuandamana. Ningali nayo ile barua. Wale wenye hawaamini wakuje nyumbani.

Garanti hatukuombwa hata moja. Wenye nyumba wengine wanaiomba, lakini kwa kontra zenye zilifanywa toka tarehe 1 ya mwezi wa saba 2023, haiwezi kupita bei ya miezi mbili, na ukitoka bila deni wanapaswa kukurudishia mu siku 14. Siku kumi na nine! Nitarudi kwa jambo hili.

Kule mwenye nyumba hapigi mulango, anaandika. Barua ya shirika, barua ya komine, barua ya gazi, barua ya maji, barua ya kodi ya mitaro. Kuko muzee mumoja, mwalimu wa zamani, alijitolea kusaidia wakimbizi bila mushahara. Kila posho alikuwa anakuja na kinga yake, mvua ao jua, anakaa ku meza yetu, anafungua zile barua moja moja. Hakutusomea. Alitusomesha kuzisoma. Alisema barua yenye haikufunguliwa inakula falanga usiku, na nimeona watu wenye ililiwa kweli: mutu anaona bahasha, anaogopa luga, anaiweka juu ya friji, kisha miezi mine deni limekuwa mara mbili. Hata hivyo, huwezi kutupwa inje hivi hivi. Mwenye nyumba hana ruhusa kukutosha yeye mwenyewe, ni jaji tu. Na toka 2021, mutu akichelewa kulipa, mwenye nyumba anapaswa kuiambia komine, na komine inatuma mutu aulize kuna nini mu nyumba ile. Hakuje kufukuza, anakuja kuuliza. Niliona vile kwa jirani, Muholanzi mwenye alipoteza kazi.

Nisiwadanganye, kijiji hakikutufurahia wote. Mu inchi ile nyumba zimekuwa chache, na raia wa kawaida anangoja ku orodha miaka mingi. Mu miji mikubwa wengine wanapita miaka kumi. Siye tulifika, tukapewa. Mama mumoja wa nyumba ya kona aliniambia wazi, mu mwaka wa kwanza: «Binti yangu amezaliwa hapa, ana mutoto, anangali kulala mu chumba chake cha utoto, na ninyi munaingia.» Bibi yangu alijibu kwa Kiholanzi chake cha maneno kumi: «Mama, una haki.» Basi. Hakuongeza kitu. Na kweli alikuwa na haki, hata kama siye pia tulikuwa nayo. Kile kijiji kilikuwa kinajua mambo hayo mbili pamoja, na watu waliendelea kusalimiana. Binti yule alipata nyumba mu 2020, ku barabara yetu. Mimi njo nilibeba friji yake.

Sasa nifike ku kimya, juu watu wanawazaka kimya ni pumuziko. Ukitoka mu kambi yenye watu elfu moja, posho mbili za kwanza ni tamu. Kisha unaanza kusikia saa ya ukuta. Saa kumi na mbili ya mangaribi barabara ni kavu, hakuna mutoto inje, hakuna muziki, hakuna mama mwenye anauza mikate. Dirisha kubwa, rido wazi, taa zinawaka, unaona watu ndani wanakula, kila mutu mu sanduku lake la kioo. Basi inapita mara moja kwa saa, na siku ya Mungu hakuna. Kulikuwa basi ndogo ya viti nane yenye inaendeshwa na wazee wa vijiji bila mushahara. Bila ile, bibi yangu hangefika ku masomo ya luga. Munganga wa jamaa alikuwa mu kijiji cha pili, kilometa saba na upepo wa uso. Mwaka wa kwanza bibi yangu alilia sana. Alisema, kwetu hata mwizi anakujua jina.

Na kimya kile kina siku zake za kupasuka. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, muchana saa sita kamili, inchi nzima wanajaribu king'ora cha hatari. Hakuna mutu alikuwa ametuambia. Mara ya kwanza, mutoto wetu wa pili aliingia chini ya kitanda na viatu vyake ku mukono, kama tulivyomufundisha zamani. Tena tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili vijana wa Drenthe wanatoka na mikebe mikubwa ya maziwa, wanatia kabidi na maji kidogo, wanafunga, wanawasha nyuma. Boom! Siku nzima, toka asubui, mu mashamba. Ni furaha yao, kitu cha desturi, na watoto wanakula keki za mafuta pembeni. Lakini mutu mwenye ametoka kwetu na masikio yake! Mwaka wa pili jirani alikuja mbele, tarehe 30, akatupatia saa na mahali yatalia. Toka pale hatukuogopa, tulienda kuangalia.

Yule jirani njo mwanzo wa jambo kubwa lenye nataka mubebe leo. Wazee wa Drenthe wana neno, naoberschap. Ni ujirani, lakini si ujirani wa kupendana. Ni ujirani wa nafasi. Nyumba zenye ziko karibu na yako, kuume na kushoto na mbele, zina kazi juu yako, na wewe juu yao. Zamani jirani wa karibu njo alikuwa anaita mukunga, anapeleka habari ya kifo, anabeba sanduku. Leo mambo mingi imechukuliwa na hospitali na ma kampuni, lakini mu vijiji kuko wenye wangali kuishika. Mutu akioa, majirani wanafunga upinde wa maua ya karatasi ku mulango wake. Na mupya akifika, ni yeye anapaswa kuita majirani wakuje kunywa, si wao kumuita. Yule mwalimu alituambia hili mapema. Tulipika pilipili kidogo, wali, kuku na lengalenga, watu tisa wakakuja, wakakaa saa mbili kamili, wakaenda wote dakika moja. Tukawaza tumewakosea. Kumbe ilikuwa muzuri sana.

Mu 2019 muzee wa ngambo ya barabara alikufa. Tulikuwa tumezungumuza naye labda mara kumi. Mutoto wake alipiga mulango wetu mangaribi, akaniomba niwe mumoja wa wabebaji sita. Nilimuambia mimi ni mugeni, ni mupangaji tu, labda kuko rafiki wa baba. Akaniangalia kama mutu mwenye hasikie vizuri. Akasema: «Nyumba yenu ni ya pili ku kushoto.» Haikuwa juu wananipenda. Ilikuwa juu ya nyumba. Mwenye kukaa ndani, akuwe mwenye nyumba ao mupangaji, mweupe ao mweusi, anabeba. Nilivaa koti ya kuazima, nikabeba. Toka siku ile mama wa kona alianza kuniita kwa jina.

Na baridi ya 2022, wakati bei ya gazi ilipanda juu ya vita ya Ukraine, tuliona faida yake mu mufuko. Malipo yetu ya gazi na umeme yalitoka euro 140 kwa mwezi mpaka 390. Serikali ilisaidia, siwezi kukana: euro 1300 kwa watu wa mapato madogo kupitia komine, tena 190 mara mbili kwa kila nyumba mu miezi ya kumi na moja na kumi na mbili, kisha bei ikawekewa kifuniko mu 2023. Lakini barua ilikuwa mbele ya musaada. Tulifunga vyumba vya juu, tukalala wote chini. Mama mujane wa ukuta wa pili, yeye nyumba ilikuwa yake, lakini baridi ilikuwa moja. Akagonga ukuta, akasema: leo muwashe ninyi, nitakuja na keki, kesho nitawasha mimi. Tukafanya vile baridi nzima, mangaribi moja kwao, mangaribi moja kwetu. Likelemba ya moto! Nilimuelezea neno lile, likelemba, akaliandika ku kalenda yake ya takataka. Juu kule takataka pia ina kalenda, wandugu, siku ya karatasi, siku ya plastiki, siku ya majani, lakini hiyo tuiache, tutalala hapa.

Nije kwa wale wenye wako mu kurudi nusu. Ninajua mu chumba hiki kuko watu wenye ndugu yao anashika nyumba kule na kukaa huku, ao anawaza kufanya vile. Mpwa anabaki ndani, analipa, na mukubwa anazunguka Lubumbashi na funguo ya Ulaya mu mufuko. Nawaomba muwapigie simu. Kontra ya shirika la nyumba inasema ukae ndani wewe mwenyewe, na kupangisha mwingine bila ruhusa kunakupotezea nyumba mbele ya jaji. Mutu mwenye atakuwa inje ya inchi zaidi ya miezi 8 mu miezi 12 anapaswa kujifutisha ku komine. Na musaada wa nyumba unapimwa na kila mutu mwenye ameandikwa ku adresi: mpwa akijiandikisha, mapato yake yanaingia mu hesabu, na badiliko unalisema mu posho ine. Usiposema, watagundua nyuma, na utarudisha yote. Ninajua mutu mwenye alirudisha falanga za miaka mbili, na zilikuwa zimekwisha liwa. Tena kumbukeni yule binti wa kona. Kuko mutu anangoja ile nyumba.

Siye tulitoka safi. Ulizo la pili njo hili, na jibu lake ni fupi: mama yangu iko Katuba, ana miaka 81, na mimi ni mutoto wake wa pekee mwenye angali hai. Mukubwa wetu alibaki Groningen kusoma, wawili wakarudi nasi. Hakuna mutu alitufukuza, na hatukukosa nyumba.

Kutoka kulienda hivi. Barua ya kusimamisha kontra, mwezi mumoja mbele. Binti wa shirika akarudi na ile karatasi ya 2017, ile yenye nilicheka. Kitobo cha ukuta kilikuwa mule. Dirisha lilikuwa mule. Akaandika yenye tutatengeneza: kupaka chumba kimoja rangi nyeupe, kufunga vitobo vya misumari, kubandua sakafu ya mbao, isipokuwa mupangaji mwenye anaingia anaitaka. Aliitaka, akatia sahihi. Posho tatu nyuma akarudi kuangalia mara ya mwisho, akachukua funguo, tukasoma saa za maji, umeme na gazi. Tulijifutisha ku komine siku tano mbele ya ndege. Akaunti ya banki tuliiacha wazi miezi mbili, na hilo ninawashauri wote wenye watarudi, juu hesabu ya mwisho ya gazi na kodi za mitaro zinafika nyuma yako. Kwetu iliangukia upande muzuri: walituwekea euro 83. Nilizipokea nikiwa Lubumbashi, nimekaa ku kiti cha plastiki, wakati huo huo nikitafuta namna ya kulipa garanti.

Na garanti ile munaijua wote. Nyumba ya dolari 200 kwa mwezi, mwenye nyumba anaomba miezi sita, komisionere anaomba mwezi wake: dolari 1400 mbele ya kuchemusha maji. Musaada wetu wa kurudi uliingia pale nusu. Karatasi? Alitoa kipande cha daftari chenye kimeandikwa kiasi na tarehe. Hakukuwa hali ya nyumba, hakukuwa picha, hakukuwa mushahidi. Mwezi wa saba akasema anataka nyumba kwa mutoto wake mwenye anaoa. Garanti, anasema choo tuliharibu, paa tuliharibu. Paa! Tuliingia paa ikiwa inavuja, tuliweka ndoo siku ya kwanza. Lakini nani aliiona ile ndoo? Siye na ndoo.

Niliuliza hapa mu shirika, mumoja mumoja, nje ya mukutano. Kila mutu mwenye nilimuuliza alipoteza garanti yake ya kwanza, yote ao nusu. Si juu hatuna sheria. Sheria tunayo: ile ya tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi tatu. Lakini mutu mwenye ametua jana na masanduku ku barabara, na watoto wanasinzia, hawezi kumusomea mwenye nyumba sheria. Atalipa sita. Nililipa sita nikiijua sheria.

Kwa hiyo njo yenye komite na mimi tunaleta mbele yenu, mutapiga kura nyuma ya chakula. Shirika lifungue sanduku la garanti. Kila jamaa itie dolari 5 kwa mwezi, na wageni wetu wenye walikuwa wanawapa waliorudi falanga mukononi, tunawaomba sehemu ya falanga ile ipitie mu sanduku. Mutu akirudi, sanduku linamukopesha garanti, isipite miezi tatu. Mwenye nyumba akitaka sita, tunatafuta nyumba ingine. Ndugu huyo atalala kwa mwanachama mpaka tuipate, na hilo pia tutaliandika nani na nani. Falanga hazipite mukono wa mupangaji: zinalipwa mbele ya shefu wa kartie, na kontra, na muhuri. Siku ya kutoka, garanti inarudi mu sanduku, si mu mufuko wa mupangaji.

Na siku ya funguo, wanachama wawili wanakwenda na mupangaji kuandika hali ya nyumba, chumba kwa chumba, na picha ku simu. Hapa kwa komite tulibishana. Wengine walisema mutu achague rafiki zake wawili. Mimi nilikataa, na ningali ninakataa. Wawe wanachama wawili wenye nyumba zao ziko karibu na ile nyumba, hata kama hawapendane naye. Rafiki anahama, anakasirika, anasafiri kwenda Kolwezi. Jirani mwenye nyumba iko avenyi ya pili ataiona ile paa kila siku akienda kazi, na siku ya kutoka ataitwa tena, yeye yule. Mwenye nyumba akijua kuko watu wawili wa kartie wenye waliona ndoo, atasema maneno mengine.

Kuko mwenye aliniuliza mbele ya mukutano: na mupangaji akiharibu kweli? Basi alipe, karatasi itasema hivyo pia. Na asipolipa mukopo? Tumetia mu mupango kwamba jamaa yake haikopi tena mpaka amalize, na komite inamutembelea mu mwezi wa kwanza wa kuchelewa, kumuuliza kuna nini, si mwezi wa sita na matusi.

Mufano wa karatasi ya hali ya nyumba iko kwa mama katibu, upande wa mulango. Ni kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kifaransa. Niliuchora kufuata ule wa 2017, nikatosha gazi, nikaongeza kisima, lupango na paa. Kila mutu achukue mbili, moja yake na moja ya mwenye nyumba. Wenye munapanga leo na hamukuandika kitu, muiandike leo hii mangaribi, mupige picha, muiteye tarehe, hata kama mwenye nyumba anakataa kutia sahihi. Mubebe jirani mumoja akuwe mushahidi. Sasa maulizo, na wale wa nyuma waanze, juu wa mbele wamekwisha kuniuliza ku barabara.